Nimependa nadharia ya uwezekano, lakini baba anasema ni hesabu za kubeti

*Salamu, Profesa. Nina miaka 25. Mwaka jana nilimaliza shahada ya hisabati Chuo Kikuu cha Nairobi, nikapata daraja la pili la juu. Katika mwaka wa nne tulifundishwa nadharia ya uwezekano kwa njia ya nadharia ya vipimo (measure theory, hisabati ya kupima ukubwa wa seti), na tangu hapo hakuna somo jingine linalonivuta. Nataka kuwa mtafiti. Baba alinisomesha kwa jasho lake pamoja na mkopo wa HELB. Yeye anasema hizo ni hesabu za kubeti, na kwamba nifanye mitihani ya aktuaria, yaani hesabu za bima, kama binamu yangu aliyeajiriwa na kampuni ya bima Upper Hill. Marafiki wananiambia kila kitu kuhusu uwezekano kilishagunduliwa zamani na watu wa Ulaya. Mimi mwenyewe naona si mwepesi: kuna uthibitisho mmoja ulionichukua wiki mbili kuuelewa, na wenzangu wawili waliushika siku hiyo hiyo. Naogopa pia kwamba umri unanipita. Siku hizi silali, usiku mwingi nakesha nikipiga hesabu za maisha. Je, mtu anaweza kuwa mtafiti wa uwezekano akianzia Nairobi, au niachane nayo mapema?*

Mwanangu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja. Unauliza kuhusu kazi, lakini humo ndani kuna hofu nne zilizoshikana: kwamba somo lenyewe ni upuuzi, kwamba limekwisha, kwamba wewe ni mzito wa kuelewa, na kwamba Nairobi iko mbali na mahali mambo yanapotendeka. Tatu za kwanza zimetokana na habari zisizo sahihi, nami nitazijibu moja baada ya nyingine. Hiyo ya nne ina ukweli. Ndiyo ninayotaka uitilie maanani kuliko zote, kwa maana wanaoacha njia hii nimeona wengi wakiiacha kwa kukosa watu wa kufanya nao kazi, na wachache sana kwa kukosa akili.

Tuanze na mzee. Usimkasirikie. Katika Nairobi ya leo, mzazi akisikia habari za uwezekano anakumbuka vijana wa mtaa wake walioteketeza karo kwenye simu wakibeti mpira. Mweleze kwamba nadharia hii ndiyo inayoonyesha kwa nini vijana hao hupoteza. Chukua mchezo ambapo mtu huweka shilingi 100 kila mara, na ama anapata 100 ama anapoteza 100, ila mwenye mchezo ameupanga hivi kwamba kwa wastani kila dau linamla mchezaji shilingi 5. Akicheza mara 100, hasara yake ya wastani ni shilingi 500. Lakini bahati nayo huyumba, na kuyumba kwake hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya michezo. Kipeuo cha pili cha 100 ni 10, kwa hiyo matokeo yake huyumba kwa kiasi cha shilingi 1,000 juu au chini ya wastani huo. Hasara ya 500 haionekani ndani ya kuyumba kwa 1,000, na ndiyo sababu kila mtaa una mtu aliyeshinda na anayesimuliwa. Sasa mwache acheze mara 10,000. Hasara ya wastani imefika shilingi 50,000, ilhali kuyumba kumefika 10,000 tu. Hapo hata aliyejaliwa bahati kuliko wenzake wote, karibu ni hakika kwamba amepoteza. Jacob Bernoulli alithibitisha sehemu ya kwanza ya habari hii, kwamba wastani hatimaye hutulia, katika kitabu kilichotoka mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake. Abraham de Moivre akaongeza habari ya kipeuo cha pili mwaka 1733. Mtu aliyeielewa hesabu hii vizuri ndiye wa mwisho kubeti.

Sasa marafiki zako. Wako sahihi kuhusu jambo moja: mchezo niliousimulia, ambamo kila dau halitegemei lililotangulia, umeeleweka kwa muda mrefu. Andrey Kolmogorov alipoijenga nadharia yote juu ya nadharia ya vipimo mwaka 1933, yaani somo lile lile ulilolipenda, mtu angeweza kudhani kazi kubwa imekwisha. Kumbe alikuwa ametupa lugha ya kuulizia maswali makali, na maswali yenyewe mengi yalikuja baada yake. Utafiti wa leo uko pale ambapo matukio yanategemeana, au yamepangwa katika umbo la mahali fulani, kiasi kwamba huwezi kuyajumlisha moja moja.

Nikupe mfano mmoja kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake utaona kazi ya mtafiti ilivyo. Fikiria jiji lisilo na mwisho, barabara zake zimenyooka na kukatana kwa miraba iliyo sawa. Masika imepamba moto. Kila kipande cha barabara kati ya makutano mawili kina uwezekano *p* wa kubaki kinapitika, na kila kimoja kina bahati yake, hakitegemei kingine. Swali: je, kuna mtandao wa barabara zinazopitika ambao hauna mwisho? Ukiipunguza *p* sana, kila mtu amenaswa kwenye kisiwa chake. Ukiiongeza sana, mtandao usio na mwisho upo. Mahali fulani katikati hali inageuka ghafla, bila hatua za kati. Swali hili liliulizwa rasmi na Simon Broadbent na John Hammersley mwaka 1957, na lilitokana na jambo la kawaida kabisa, namna gesi inavyopenya kwenye vichujio vya barakoa za wachimba makaa. Mwaka 1960 Theodore Harris alithibitisha kwamba *p* ikiwa nusu kamili, mtandao usio na mwisho haupo. Kila mtu aliyelichunguza alihisi kwamba mpaka wenyewe ni nusu hasa, kwa kuwa umbo la miraba lina ulinganifu unaoelekeza huko. Lakini kuhisi hakutoshi. Ilibidi Lucio Russo, na kwa upande mwingine Paul Seymour na Dominic Welsh, watengeneze mnamo 1978 mbinu ya kukadiria uwezekano wa kuvuka mstatili kutoka upande mmoja hadi wa pili, ndipo Harry Kesten akakamilisha uthibitisho mwaka 1980. Miaka ishirini ilipita kati ya Harris na Kesten, kwa ajili ya namba moja: nusu.

Je, swali limekwisha? Toka kwenye karatasi uingie katika nafasi yenye urefu, upana na kimo, yaani vipimo vitatu. Kompyuta zinatuambia mpaka uko karibu na 0.2488. Lakini tukiuliza kama mtandao usio na mwisho upo pale pale mpakani, hakuna mtu duniani aliyewahi kuthibitisha jibu. La kushangaza ni kwamba katika vipimo vingi mambo ni rahisi zaidi: Takashi Hara na Gordon Slade walifungua njia mwaka 1990, na mwaka 2017 Robert Fitzner na Remco van der Hofstad wakaifikisha hadi vipimo 11 na kuendelea. Kuanzia vipimo 3 hadi 10, hatujui. Na hata kwenye karatasi bado kuna deni. Stanislav Smirnov alithibitisha mwaka 2001 kwamba, kwenye wavu wa pembetatu, umbo la mtandao ule mpakani lina ulinganifu wa ajabu: ukiikunja picha bila kuharibu pembe zake, sheria za bahati hazibadiliki. Kila mtu anaamini hivyo ndivyo ilivyo pia kwa jiji letu la miraba. Uthibitisho haupo mpaka leo.

Tazama pia heshima zinakoelekea. Medali ya Fields, tuzo kuu ya hisabati, ilianza kutolewa mwaka 1936, na kwa miaka sabini hakuna mtaalamu wa uwezekano aliyeipata. Wa kwanza alikuwa Wendelin Werner mwaka 2006. Akafuata Smirnov 2010, Martin Hairer 2014, Hugo Duminil-Copin 2022. Tuzo ya Abel ilikwenda kwa Srinivasa Varadhan mwaka 2007 na kwa Michel Talagrand mwaka 2024. Somo lililokwisha halitoi orodha kama hiyo. Kwa maoni yangu, hakujawahi kuwa na wakati mzuri zaidi wa kuliingia.

Nije kwenye wiki zako mbili. Mtihani wa chuo hukupa saa chache na maswali ambayo aliyeyatunga anajua jibu. Unapima wepesi, na wepesi una faida yake. Lakini makala moja ya utafiti yenye kurasa arobaini huweza kumchukua mtu mzoefu miezi mitatu kuisoma ipasavyo, na hakuna anayeona haya kusema hivyo. Kwa hiyo nikuulize mambo mengine kuhusu uthibitisho ule. Baada ya hizo wiki mbili, je, ungeweza kuuandika upya bila daftari? Je, unajua kila sharti limetumika mstari gani? Ukiondoa sharti moja, unaweza kutoa mfano unaoonyesha matokeo yakivunjika? Ukijibu ndiyo, basi ulikuwa umeanza kazi ya utafiti bila kuambiwa. Wenzako walioushika siku hiyo hiyo huenda ni wepesi kweli, au huenda waliufuata mstari kwa mstari bila kuuliza chochote. Siwezi kujua kwa mbali. Ninachojua ni kwamba maswali hayo matatu ni kipimo kizuri kuliko kasi, na unaweza kujipima leo jioni ukichukua sheria kali ya namba kubwa, ile inayosema kwamba wastani hatimaye hutulia, na karatasi tupu.

Kuhusu umri, miaka 25 ni umri wa kuanza. Nitakupa mfano wa mbali zaidi. Kulikuwa na swali kuhusu mgawanyo wa Gauss, ule wenye umbo la kengele, katika vipimo vingi: ukiwa na maumbo mawili ambayo yote yana ulinganifu kuzunguka kitovu na hayana mbonyeo, je, kuangukia ndani ya moja huongeza uwezekano wa kuangukia ndani ya jingine? Lilibaki bila jibu kwa miongo kadhaa, na watu wakubwa walilishindwa. Mwaka 2014 likathibitishwa na Thomas Royen, mwalimu wa takwimu nchini Ujerumani aliyekuwa amestaafu, akiwa na miaka 67. Uthibitisho wake ni wa kurasa chache, na hesabu zake ni zile ambazo mwanafunzi mzuri wa uzamili anaweza kuzifuata.

Lakini kisa cha Royen kina upande wa pili, nao ndio unaonirudisha kwenye lile neno langu la kwanza. Aliuchapisha uthibitisho huo katika jarida ambalo wataalamu wa fani hawakuwa wakilisoma, na kwa muda haukujulikana sana. Mwishoni mwa 2015 Rafał Latała na Dariusz Matlak, watafiti wa Poland, waliandika maelezo mapya ya kazi yake, ndipo wengi wakaamka. Ukweli wa uthibitisho haukuongezeka hata chembe kati ya 2014 na 2015. Kilichoongezeka ni watu waliokuwa wakiutazama. Ukifanya kazi peke yako hutajua ni swali gani linastahili miaka yako mitatu, hutajua kwamba mtu wa Vancouver alishalimaliza mwaka juzi, na ukikwama hutakuwa na wa kukuambia kwamba kila mtu hukwama hapo hapo.

Sasa linganisha na Varadhan. Alizaliwa Madras mwaka 1940 akasomea huko huko India. Alipokwenda Taasisi ya Takwimu ya India mjini Kolkata, aliwakuta wanafunzi wachache wenye kiu kama yake: K. R. Parthasarathy, R. Ranga Rao na V. S. Varadarajan. Walifundishana. Walisoma kazi za Warusi, walieleza sura moja moja mbele ya wenzao, walibishana. Tasnifu ya uzamivu ya Varadhan ilikamilika mwaka 1963 chini ya C. R. Rao, na mmoja wa waliokuwa wakiipima alikuwa Kolmogorov mwenyewe. Baada ya hapo ndipo alipokwenda New York. Angalia mpangilio: hakwenda ng'ambo kutafuta mwanzo. Mwanzo ulikuwa meza moja Kolkata na watu wanne waliokubaliana kusoma kwa dhati.

Kwa hiyo Nairobi. Nitakuambia hali ilivyo. Watu wanaofanya nadharia tupu ya uwezekano hapa kwetu ni wachache. Ukipita Chiromo pale chuoni kwako, ukaenda Strathmore pale Madaraka, Chuo Kikuu cha Kenyatta na JKUAT kule Juja, utakuta wengi wenye uwezekano mikononi wanautumia katika takwimu, fedha, bima na magonjwa. Usiidharau kazi hiyo. Mradi wa KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome Trust wenye makao Kilifi una watu wanaochunguza kuenea kwa magonjwa kwa hesabu, na ndani ya kazi hiyo kuna hisabati ya kweli. Kwa mfano, katika modeli ya kawaida ambapo kila mgonjwa huambukiza wastani wa watu wawili kwa bahati ya Poisson, mlipuko unaoanza na mgonjwa mmoja bado una uwezekano wa takriban asilimia 20 wa kuzimika wenyewe. Swali la kwa nini lilianza na Galton na Watson miaka ya 1870 walipochunguza kutoweka kwa majina ya koo, na matawi yake yanachunguzwa hadi leo. Unaweza kupata msimamizi Nairobi ambaye swali lake limetoka hospitalini na uthibitisho wake ni wa uwezekano mtupu. Ningekushauri usiufunge mlango huo kwa kutaka usafi wa nadharia tu.

Vitu vingine havina umbali tena. Makala karibu zote mpya za fani hii huwekwa bure kwenye arXiv, hifadhi ya makala mtandaoni, na hifadhi ya mapitio ya zbMATH imekuwa wazi kwa wote tangu 2021. Semina nyingi hurushwa kwenye mtandao. Hayo yanakuondolea kisingizio cha vitabu, lakini hayakupi mtu wa kukukatiza ubaoni.

Njia zilizo mbele yako, basi. Ningekuwa mahali pako ningeanza kuitazama ile ya uzamili wenye ufadhili kamili nje ya Kenya lakini ndani ya Afrika. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, iliyoanzishwa Muizenberg karibu na Cape Town mwaka 2003, sasa ina vituo Senegal, Ghana, Kamerun na Rwanda pia, na kwa kawaida hulipia masomo, malazi na usafiri. Ubora wake ni kwamba unaishi na wanafunzi kutoka bara zima, mnakula pamoja na kufanya hesabu pamoja mpaka usiku, na wahadhiri wanaotembelea ni watu wa fani hai. Udhaifu wake ni kwamba masomo ni mapana na ya muda mfupi. Hutatoka na kina cha uwezekano, utatoka na watu na barua za mapendekezo. Kituo cha ICTP kule Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama yetu, kina diploma ya mwaka mmoja ambayo ni kali kwelikweli. Hiyo hukupa msingi wa kina, na walioimaliza vizuri hupokelewa vyema wanapoomba uzamivu. Karibu na nyumbani, Chuo Kikuu cha Afrika (Pan African University) kina taasisi yake ya sayansi ndani ya JKUAT, yenye uzamili na uzamivu wa hisabati.

Ukibaki kufanya uzamili Nairobi, mchague msimamizi kabla ya kuchagua chuo. Nenda ukamwone ana kwa ana. Muulize wanafunzi wake wa uzamivu wako wapi, uzungumze na wawili kati yao, kisha soma makala yake ya karibuni uone imechapishwa wapi. Jarida lililokubali makala baada ya siku tano na kudai malipo halikuihakiki, na makala ya namna hiyo kwenye wasifu wako itakudhuru baadaye. Uliza pia kama idara yake imo katika mpango wa EAUMP, ambao umekuwa ukiunganisha idara za hisabati za Afrika Mashariki kwa msaada wa Uppsala, Uswidi. Kupitia mipango kama hiyo mwanafunzi wa hapa huweza kuwa na msimamizi wa pili ng'ambo na kumtembelea.

Uzamivu wa Ulaya au Marekani ni hatua ya baadaye kidogo, ila kuna sheria moja ambayo sitaki uivunje: uzamivu wa hisabati haulipiwi kwa pesa ya familia. Vyuo vizuri hukulipa wewe, mara nyingi kwa kufundisha madarasa ya mwaka wa kwanza. Asiuzwe ng'ombe wala shamba kwa ajili ya karo ya uzamivu. Na yeyote atakayekuomba utume pesa kwa M-Pesa ili ufadhili wako uharakishwe ni tapeli.

Na aktuaria? Baba yako hajakosea kuitaja. Ni kazi ya heshima, inatumia uwezekano kila siku, na mtu mwenye msingi wako ataiweza mitihani ile. Tofauti ni kwamba kule modeli ni chombo cha kufikia bei ya bima, na ukibaki na swali la kwa nini modeli inafanya kazi, hakuna atakayekulipa kulifuatilia. Kuna waliofanya vyote viwili. Kiyosi Itô, aliyetupa hesabu za kutofautisha na kuunganisha kwa mienendo ya bahati, alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya takwimu ya serikali ya Japani kuanzia 1939 hadi 1943, na msingi wa kazi yake kubwa ulijengwa humo. Hata hivyo, ofisi ile ilimwachia muda mwingi wa kusoma. Kampuni ya bima wakati wa kufunga hesabu za mwaka haitakuachia. Ukichagua kufanya kazi kwanza, weka kikomo cha miaka miwili, jiunge na uzamili wa madarasa ya jioni ikiwezekana, na uwe na mtu mmoja mnayesoma naye kila wiki bila kukosa. Nadharia ya vipimo isiyotumika hupotea haraka sana.

Unastahili pia kujua gharama za njia hii. Kutoka ulipo hadi uzamivu ni miaka sita hivi, pengine saba. Baada yake kuna nafasi za muda za utafiti, mwaka mmoja hapa miwili kule, na nafasi za kudumu ni chache kuliko wanaozitafuta. Ukirudi kufundisha Kenya utakutana na madarasa makubwa, mitihani ya kusahihisha kwa mamia, mishahara inayochelewa na migomo. Wapo wanaoendelea kutoa utafiti mzuri ndani ya hali hiyo, na nikiwatazama naona wote wana jambo moja: hawakukata uhusiano na watu waliosoma nao, wanaandika nao makala, wanaalikana. Na siku zenyewe za kazi, nyingi haziishi na kitu mkononi. Unajaribu hali ndogo, unaandika programu fupi uone namba zinaelekea wapi, unadhani umepata, kesho yake unakuta shimo katika mstari wa tatu. Kama siku za namna hiyo zinakuumiza tu, aktuaria itakufaa zaidi na hakuna aibu. Kama unarudi mezani kesho yake kwa hamu ya kujua shimo lile lina maana gani, basi njia hii ni yako.

Kwa mzee, usiende na ndoto peke yake. Nenda na mpango wenye tarehe: utaomba nafasi zipi na lini majibu yatatoka, na usipopata ufadhili hadi mwaka fulani utaanza mitihani ya aktuaria. Mzazi aliyelipa karo ana haki ya kuona mwisho wa hesabu. Mwambie na habari ya HELB, kwani mkopo huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya masomo kwisha, na kukaa kimya huleta faini. Fika ofisi zao Anniversary Towers au dawati lao katika Huduma Centre ukaeleze hali yako kwa maandishi kabla hujadaiwa, na uulize utaratibu wao kwa anayeendelea na masomo.

Wiki hii nakuomba uende Chiromo ukamtafute mwalimu aliyekufundisha somo lile la mwaka wa nne. Usimwandikie tu barua pepe. Mpelekee uthibitisho ule wa wiki mbili, umeandikwa kwa mkono wako, na umwombe akuulize maswali. Katika saa moja atajua kuhusu uwezo wako mambo ambayo mimi siwezi kuyajua kutokana na barua. Kisha tafuta wenzako wawili au watatu mnaoweza kukutana kila Jumamosi kusoma kuhusu martingeli (mfano wa mchezo wa haki) na minyororo ya Markov (ambamo hatua ijayo hutegemea ulipo sasa tu), mmoja akieleza na wengine wakimkatiza.

Lakini kabla ya yote hayo kuna usingizi. Umesema silali kana kwamba ni jambo dogo la kumalizia barua, nami sikulipita. Mtu anayekesha usiku mwingi hafanyi hisabati nzuri wala uamuzi mzuri, na kukosa usingizi kwa wiki kadhaa huweza kuwa dalili ya msongo unaohitaji msaada wa kitaalamu. Ikiwa hali hiyo imepita wiki mbili, nenda ukamwone daktari au mshauri nasaha. Vyuo vyetu vina idara za ushauri, na hata kama umeshahitimu, piga hodi uulize, watakuelekeza. Na ukiona fikra zako zimeanza kuelekea kwenye kujidhuru, usingoje miadi: mwamshe mtu wa nyumbani usiku huo huo, mwende pamoja hospitali iliyo karibu. Maombi ya ufadhili hufunguliwa kila mwaka, kwa hiyo ukikosa ya msimu huu kwa sababu ulikuwa unatibiwa, utaomba msimu ujao.